Rekodi ya VOR: andika nambari, usiandike "sawa"

Swali: Tuko watatu, tumenunua kwa ubia Cessna 172 ya mwaka 1978 iliyosajiliwa Marekani, na tunaiegesha kwenye uwanja mdogo huku Texas. Ina redio mbili za kuongozea: GNS 430W, yenye GPS na VOR pamoja, na KX 155 ya zamani. Kabla ya kuruka huwa tunawasha VOR (redio inayoonyesha mwelekeo wetu kutoka kituo cha ardhini), tukiona sindano inacheza tunaondoka. Mwenzetu mmoja ana mtihani wa IFR (kuruka kwa kuongozwa na vifaa, si kwa macho) baada ya wiki tatu, na mwalimu wake ametuuliza rekodi ya VOR iko wapi. Hatuna. Fundi anasema hiyo si kazi yake. Nani anaiandika, iandikwe nini, katika kitabu gani? Na kwa kuwa tunatumia GPS karibu muda wote, tunaihitaji kweli?

Jibu: Fundi wenu amesema kweli. Ukaguzi wa VOR kabla ya safari ya IFR si kazi ya karakana. Ni kazi ya rubani, na aliyepima ndiye anayeandika na kutia saini. Kwa ndege ya usajili wa N, yaani wa Marekani, kanuni inayohusika ni 14 CFR 91.171, katika kanuni za usafiri wa anga za huko: huruhusiwi kuruka IFR ukiongozwa na VOR mpaka kifaa hicho kiwe kimepimwa ndani ya siku 30 zilizopita na kosa lake likaonekana liko ndani ya kiwango. Ipo njia nyingine, ya kukitunza kifaa kwa utaratibu maalumu ulioidhinishwa, lakini hiyo huwafaa zaidi wenye mashirika. Ninyi shikeni siku 30. Kanuni inataka mambo manne yaandikwe: tarehe, mahali, kosa la mwelekeo, na saini. Haitaki namba ya leseni, haitaki muhuri, haitaki saa za injini.

Wengi hujikwaa kwenye hilo la tatu. Ukifungua madaftari ya ndege binafsi utakutana na mistari kama "12/6, VOR sawa", na saini pembeni. Neno "sawa" si kosa la mwelekeo. Kosa ni nambari ya digrii yenye alama ya kujumlisha au kutoa, na kila redio ina yake. Mstari wenye tarehe na saini bila nambari haujatimiza kanuni, hata kama redio zilikuwa nzima kabisa siku ile. Tena iko sababu inayonigusa zaidi ya kanuni yenyewe: kipokezi cha VOR kinaweza kupotoka taratibu. Machi kosa ni +1, Aprili +2, Mei +3. Kila mwezi kimefaulu, lakini ukiziweka nambari hizo tatu pamoja unaona kifaa kinakokwenda, na unakipeleka kwa fundi wa avioniki kabla hakijakuangusha ukiwa ndani ya mawingu. Mistari mitatu ya "sawa, sawa, sawa" inaficha mwendo wote huo.

Kuhusu kitabu: kanuni inasema daftari la ndege au rekodi nyingine. Kwa hiyo si lazima iingie kwenye kitabu cha matengenezo cha fundi, na kwa maoni yangu isiingie, kwa sababu kitabu hicho kinapaswa kukaa salama nyumbani au ofisini, si kusafiri ndani ya ndege. Nunueni kaunta buku ndogo ya gamba gumu, muiweke kwenye mfuko wa mlango wa rubani pamoja na kalamu ya wino iliyofungwa kwa uzi. Uzi si mapambo. Kalamu ikipotea, mtu hujiambia "nitaandika nikifika nyumbani", na akifika nyumbani hakumbuki kama ilikuwa 358 au 002. Karatasi ya kompyuta inayoshirikiwa kwa simu ni nzuri kwa kukumbushana tarehe, lakini jina lililochapwa, ambalo yeyote kati ya watatu angeweza kulichapa, ni saini dhaifu mbele ya mtahini. Iacheni simu ikumbushe na daftari lithibitishe.

Mstari mmoja kamili unaonekana hivi (VOT na FROM nitazieleza nikifika kwenye namna ya kupima):

12/6/2025 – (alama ya uwanja), VOT 108.0 – VOR 1: 001 FROM, kosa +1 – VOR 2: 358 FROM, kosa −2 – mwisho 12/7/2025 – saini na jina.

Safu ya "mwisho" haimo kwenye kanuni, nimeiongeza kwa makusudi. Siku 30 ni siku 30, si mwezi. Mkijiwekea desturi ya kupima kila tarehe mosi, ukaguzi wa tarehe 1 Julai unafika mpaka tarehe 31 Julai, na tarehe 1 Agosti asubuhi ndege yenu haina VOR halali kwa IFR. Pengo la siku moja tu, nalo hujirudia kila mwezi wenye siku 31. Aliyepima ahesabu hapohapo na kuandika siku ya mwisho, ili mwenzake anayekuja na haraka zake asihesabu kwa vidole.

Sasa namna ya kupima. Njia ni tano, na ninyi mtakuwa mkitumia mbili au tatu.

Iliyo bora ni VOT, mtambo mdogo uwanjani unaorusha mawimbi ya kupimia tu. Masafa yake mara nyingi ni 108.0, lakini si kila mahali. Yanaorodheshwa kwenye Chart Supplement, kitabu cha taarifa za viwanja cha FAA (mamlaka ya anga ya Marekani), ambacho hutoka upya kila siku 56. Tumieni toleo la sasa, kwa sababu FAA imekuwa ikipunguza vituo vya VOR nchini, na alama ya kupimia iliyokuwapo mwaka juzi huenda leo haipo. Weka masafa, fungua sauti ya utambulisho, usikilize: VOT hutoa mfululizo wa nukta au mlio mmoja usiokatika. Kisha zungusha nobu ya OBS, ya kuchagua mwelekeo, mpaka sindano ikae katikati. VOT hukuambia siku zote kwamba uko kaskazini yake, popote uliposimama, kwa hiyo ikiwa bendera ya kisomeo inaonyesha FROM (kutoka kituoni) unapaswa kusoma 0, na ikiwa inaonyesha TO (kwenda kituoni) unapaswa kusoma 180. Marubani wengi huikumbuka kwa ndege ya Cessna 182: 180 ni TO, neno linalosikika kama "two", yaani mbili. Ukisoma 002 FROM, kosa ni +2; ukisoma 358 FROM, kosa ni −2. Kiwango ni digrii 4 kila upande. Nashauri mpime pande zote mbili, FROM na TO, maana zikipishana kwa zaidi ya digrii moja hivi nobu au kisomeo chenyewe huenda kina kasoro. VOT ni ya kutumika ardhini, isipokuwa pale Chart Supplement inaposema inaweza kutumika angani pia. Na kama mawimbi ya kupimia yametoka kwenye karakana ya redio yenye cheti badala ya mtambo wa FAA, karakana hiyo nayo lazima iandike mstari wake: mwelekeo iliourusha na tarehe. Saini yako peke yake haitoshi hapo.

Njia ya pili ni alama iliyochorwa ardhini kwenye uwanja, kwa kawaida duara kwenye maegesho au karibu na njia ya kuingilia, lenye mshale wa kuelekea kwenye kituo. Chart Supplement inataja kituo, masafa yake, radiali (mstari wa mwelekeo kutoka kituoni) inayopita hapo na umbali. Egesha ndege juu ya duara, si kandokando yake, hakikisha umesikia utambulisho wa kituo, weka radiali iliyotajwa, kisha geuza nobu mpaka sindano ikae katikati uone umepishana kwa kiasi gani. Kiwango ni kilekile, digrii 4. Hanga kubwa la bati au lori la mafuta lililosimama karibu huweza kurudisha mawimbi na kuyumbisha sindano. Likiwapo, subiri liondoke kabla ya kuandika chochote.

Ya tatu ni alama ya angani iliyotangazwa na FAA, kwa mfano juu ya mnara fulani kwa urefu fulani, na hapo kiwango ni digrii 6. Ya nne mnaijengea wenyewe. Mnachagua radiali iliyo kwenye mstari wa katikati wa njia ya anga ya VOR, mnatafuta kitu kinachoonekana wazi chini yake, afadhali zaidi ya maili 20 za baharini kutoka kituoni, mnapita juu yake moja kwa moja kwa urefu wa chini unaofaa, mnasoma. Kiwango hapa pia ni 6. Maili 20 zina hesabu yake. Umbali huo, digrii moja ni takriban futi 2,100 kwa upande. Kwa hiyo ukipita futi 500 kushoto ya makutano ya barabara uliyoyachagua, umejiongezea robo digrii tu. Fanya jambo hilohilo maili 5 kutoka kituoni na futi 500 zinakuwa karibu digrii nzima. Utaandika kosa la macho yako ukidhani ni la redio. Urefu wa chini nao una maana: ukiwa juu sana huwezi kujua kwa hakika ni lini umefika juu ya kitu chenyewe.

Njia hizi haziko sawa mbele ya kanuni, na hili husahaulika sana. Alama ya angani inaruhusiwa pale tu ambapo VOT na alama ya ardhini hazipo. Njia mnayojijengea inaruhusiwa pale tu ambapo zote tatu hazipo. Kwa hiyo VOR iliyosoma 005 FROM kwenye VOT imeshindwa. Huwezi kupanda nayo angani kuitafutia digrii ya tano na ya sita.

Ya tano ndiyo mtakayoizoea, kwa kuwa mna redio mbili: kupima moja dhidi ya nyingine. Inaweza kuchukua nafasi ya njia yoyote kati ya hizo nne. Redio zote mbili ziwe kwenye kituo kilekile, sindano zote ziwekwe katikati zikionyesha TO, na tofauti kati ya masomo mawili isizidi digrii 4. Inaweza kufanyika ardhini au angani, mradi mawimbi yanafika vizuri. Andikeni masomo yote mawili, si tofauti peke yake: "VOR 1: 123 TO, VOR 2: 126 TO, tofauti 3". Mifumo lazima iwe huru, isipokuwa antena ambayo inaweza kuwa moja. Visomeo viwili vinavyolishwa na kipokezi kimoja si mifumo miwili, ni kioo na kivuli chake. Kwenye ndege yenu 430W na KX 155 ni huru, ikiwa tu kila moja ina kisomeo chake.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba redio mbili zinaweza kukosea pamoja kwa upande uleule na zikakubaliana vizuri. Kwa sababu hiyo nashauri angalau mara moja kila miezi mitatu mwende uwanja wenye VOT au alama ya ardhini. Kanuni haiwalazimishi. Ila ndiyo mara pekee daftari lenu litalinganisha redio na ukweli badala ya kulinganisha redio na redio.

Kuna makosa mawili nitakayoyaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu yanawahusu moja kwa moja.

La kwanza ni la 430W. Kisomeo chake hulishwa ama na GPS ama na VOR, na kitufe cha CDI ndicho kinachobadilisha. Chini ya skrini kushoto huonekana ama GPS ama VLOC, yaani upande wa VOR. Ukisahau kubonyeza mpaka isome VLOC, sindano unayoitazama ni ya GPS. Utaikuta imetulia, haina hata nusu digrii ya kosa, utaandika "0" kwa furaha, na VOR yako itakuwa haijaguswa. Kosa la sifuri kamili linalojirudia miezi mitatu mfululizo kwenye redio ya zaidi ya miaka kumi linastahili kutiliwa shaka. Wenye G1000, dashibodi ya skrini, wana mtego huohuo: mstari wa zambarau ni GPS, wa kijani ni VOR. Tazama rangi kwanza, ndipo usome nambari.

La pili ni propela. Kwenye baadhi ya mizunguko ya injini, propela hukata mawimbi kwa namna inayofanya sindano itikisike, wakati mwingine mpaka digrii 6 kila upande. Ukiona sindano inacheza, badilisha kidogo mizunguko kabla hujailaumu redio au kituo. Ikitulia, soma hapo. Isipotulia, angalia kama kituo kinatoa utambulisho wake kabisa. Kituo kilicho kwenye matengenezo huondolewa utambulisho, au hutuma neno TEST kwa alama za Morse, na nambari utakayoisoma humo haifai kuandikwa popote.

Sasa GPS. 91.171 inamhusu anayeruka IFR akitumia VOR. Kwa kuwa 430W ni kifaa cha WAAS, yaani GPS yenye masahihisho ya setilaiti, mnaweza kuruka safari nzima ya IFR kwa GPS peke yake, na kwa safari hiyo rekodi ya VOR haitakiwi. Kwa hiyo jibu fupi la swali lenu la mwisho ni "si kila safari". Lakini msiishie hapo. Mkiruka utaratibu wa kutua wa VOR huku mkiongozwa na GPS, sehemu ya mwisho ya kushuka inaruhusiwa kwa GPS ikiwa kituo cha VOR kinafanya kazi na mnakifuatilia kwenye redio. Kukifuatilia kwa redio isiyopimwa ni kujidanganya. Mtahini naye anaweza kuwazimia GPS ili aone mnavyoongozwa na kilichobaki. Na mawimbi ya GPS hupotea kweli: Oktoba 2022 yalivurugika kwa zaidi ya siku moja katika anga la Dallas na Fort Worth, karibu na kwenu. Aliyekuwa na VOR iliyopimwa wiki ile alikuwa na njia ya pili.

Hifadhidata ya GPS ina ratiba yake ya siku 28. Kila toleo lina namba ya tarakimu nne, mwaka na zamu: 2506 lilianza kutumika tarehe 12 Juni 2025, 2507 tarehe 10 Julai. Rubani anaruhusiwa kuipakia mwenyewe, na kanuni 43.3(k) inasema hayo si matengenezo, mradi ifanyike kutoka chumba cha rubani, bila kufungua kifaa, bila zana wala vifaa maalumu, na kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Kwa hiyo haidai mstari wa fundi. Hata hivyo tengeni kurasa za nyuma za kaunta buku kwa ajili yake: namba ya toleo, tarehe ya kuanza, aliyepakia. Toleo likipitwa na wakati, kwa kawaida bado unaweza kuitumia baada ya kuhakikisha kwenye chati za sasa kwamba utaratibu unaoutaka haujabadilishwa, ila kiambatisho cha kitabu cha ndege yenu kikikataza, kiambatisho ndicho kinachoshinda. Kisomeni kabla ya mtihani, maana mtahini anaweza kuuliza hasa hilo.

ILS, mfumo wa redio wa kuongozea kutua, imejaa utata usio wa lazima, niumalize haraka. Inatumia kipokezi kilekile cha VOR, lakini kanuni ya siku 30 haiigusi. Ukaguzi wa VOR uliofaulu hauthibitishi ILS, wala ILS inayofuata vizuri haithibitishi VOR.

Vifaa vingine vina saa zake, na hivi ni kazi ya karakana au fundi mwenye sifa, si yenu. Mfumo wa shinikizo tuli na altimita (kipimo cha urefu) inayolishwa nao hupimwa kila miezi 24 ya kalenda kwa ajili ya IFR kwenye anga linalodhibitiwa, chini ya 91.411. Transponda, inayoitambulisha ndege kwenye rada, pia ni miezi 24, chini ya 91.413, na hii inawabana hata mkiruka VFR tu, yaani kwa macho. Miezi ya kalenda ni tofauti na siku 30: transponda iliyopimwa tarehe 9 Machi 2024 ni halali mpaka tarehe 31 Machi 2026. Karakana ikiwarudishia ndege, angalieni mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, altimita yenyewe iwe na tarehe na urefu wa juu iliopimwa, kwa kawaida kwenye kibandiko kidogo, na data hiyohiyo iwe imeingia kwenye rekodi ya kudumu ya ndege. Urefu huo ni mpaka: altimita iliyopimwa hadi futi 20,000 haitumiki IFR juu ya hapo. Pili, kama fundi alifungua bomba la mfumo tuli kwa kazi nyingine yoyote, kipimo cha kuvuja lazima kirudiwe na kiandikwe, hata kama miezi 24 haijaisha. Kwa ndege isiyo na mgandamizo kama yenu, mfumo unanyonywa mpaka altimita ionyeshe futi 1,000 juu ya mahali ilipo, na kwa dakika moja haupaswi kupoteza zaidi ya futi 100. Mwambieni aandike futi alizopoteza, kwa sababu ileile ninayowasihi muandike digrii.

Kwa altimita mnaweza kuongeza safu moja kwenye kaunta buku bila gharama. Kabla ya kuondoka, weka shinikizo la uwanja lililotangazwa, linganisha na mwinuko unaojulikana wa mahali uliposimama, andika tofauti kwa futi. Ikizidi 75, usiipeleke kwenye mawingu kabla karakana haijaiona.

Wajibu wa yote haya unamwangukia mwenye ndege. Kanuni 91.403 inamtaja yeye kwanza katika kuiweka ndege kwenye hali ya kufaa kuruka, na 91.405 inamtaka ahakikishe mafundi wameandika walichofanya. Mko watatu, na mali ya watatu ni rahisi kuwa mali ya hakuna. Mchagueni mmoja awe mshika daftari kwa miezi sita, kisha zamu ihame. Kila mtu anapima na kutia saini yake mwenyewe, kazi ya mshika daftari ni kutazama tu safu ya "mwisho" kila Jumamosi na kuwapigia wenzake simu. Asitie saini ukaguzi alioufanya mwingine. Na msijaze nyuma. Najua kishawishi kilichopo sasa, mtihani uko mbele na daftari ni tupu. Miezi iliyopita bila rekodi si kosa lolote kama hamkuruka IFR kwa VOR ndani yake. Anzeni na tarehe ya leo na muwe na ukurasa wenye mstari mmoja wa kweli.

Redio ikishindwa, andikeni hilo pia, kwa nambari yake: "VOR 2: 006 FROM, kosa +6, imeshindwa". Halafu isitumike IFR. Ndege isiyo na orodha maalumu ya vifaa vinavyoruhusiwa kuwa vibovu hufuata 91.213: kifaa kibovu kinaondolewa, au kinazimwa na kubandikwa kibandiko cha "Inoperative" mbele ya macho ya rubani, na kama kuzima kwenyewe ni kazi ya matengenezo, fundi anaandika. Mradi kifaa hicho hakidaiwi na safari mnayoifanya, mnaweza kuruka. VFR inaendelea, na IFR kwa redio nzima iliyobaki nayo inawezekana.

Kabla ya kuipeleka KX 155 karakana, jambo moja mnaruhusiwa kulifanya wenyewe. Redio za mbele ya dashibodi zinazochomekwa kwenye trei zimo kwenye orodha ya matengenezo madogo ambayo rubani mwenye leseni binafsi au zaidi anaruhusiwa kuyafanya kwenye ndege yake. Transponda, DME (kipimo cha umbali) na mfumo wa kuiendesha ndege yenyewe (autopilot) haziruhusiwi. Pini za nyuma zilizolegea au zilizoshika ukungu ni chanzo cha mara kwa mara cha VOR inayokuja na kupotea. Umeme wote uzimwe, legeza kishikizo kwa ufunguo wake wa pembe sita, vuta redio taratibu, kagua pini, irudishe mpaka ikae sawasawa na uso wa trei. Redio ambayo haikuingia mpaka mwisho inaweza kuongea vizuri huku upande wake wa VOR umekatika. Kazi hii sasa ni matengenezo, kwa hiyo mstari wake ni tofauti: unaingia kwenye rekodi ya matengenezo, pamoja na maelezo ya kazi, tarehe, saini, namba ya leseni yako na aina yake. Na kabla redio haijatumika, ipimwe upya, ndipo kaunta buku nayo ipate mstari wake mpya.

Mkisafiri na ndege hiyo nje ya Marekani, 91.171 inawaruhusu kutumia mawimbi na alama zilizoidhinishwa na mamlaka ya nchi mliyopo. Wenzetu wenye ndege za 5Y (Kenya) au 5H (Tanzania) wasichukue nambari za humu kama zilivyo. Wao wako chini ya KCAA na TCAA, mamlaka za anga za nchi hizo, na wafuate kanuni za huko. Ila namna ya kuandika, digrii na alama yake, redio kwa redio, haibadiliki kwa usajili.

Kwa wiki tatu zenu: wikiendi hii nendeni VFR mpaka uwanja wa karibu wenye VOT, pimeni redio zote mbili pande zote mbili, mwenye mtihani ashike kalamu. Siku 30 zitamfikisha kwenye mtihani, lakini mtihani ukiahirishwa kwa mvua au upepo zitakwisha, kwa hiyo siku mbili kabla ya tarehe mpya arudie kupima redio kwa redio na aongeze mstari wa pili.